Watoto wengi, rangi tofauti, nyumba moja: jinsi ya kujipanga

Kama una watoto sita, wa mwanzo weusi tii wa kabla hujaolewa, na hawa wengine wa baba Mjerumani, anza na nywele. Kweli kabisa, ubaguzi utaukuta ila jumamosi ndo itakutoa jasho kwanza.

Wenye kipilipili wasuke twende kilioni au mabutu, wiki imeisha hiyo. Hawa wenye mawimbi ukiwachana kavu kilio kitafika kwa jirani, kwahiyo lowesha, paka kondishena ya kutosha, chukua chanuo la meno mapana uanzie nchani upande taratibu mpaka kwenye shina. Mafuta ya nazi kidogo tu, yakizidi zinalala kama zimemwagiwa mchuzi. Anza na kitindamimba maana akishaanza kusinzia huna chako, na wa kiume nao wajue kusuka, kwani mikono yao ina nini?

Sasa hapohapo kwenye mkeka ndo shangazi atakwambia "huyu kachukua nywele nzuri za baba yake." Usicheke ukapita. Mjibu kwa heshima wote wakisikia, "shangazi, humu ndani zote nzuri," alafu endelea kusuka. Ukinyamaza, wale wa kipilipili wamesikia, kesho wanakuomba dawa ya nywele.

Sokoni utaitwa dada wa kazi, au utaulizwa "na huyu nae wako?" Sema "wangu wote" uendelee kuchagua nyanya, habari za nani baba yake haziwahusu.

Lugha: wewe Kiswahili, baba Kijerumani chake, basi. Beach weupe wavae kofia na fulana, wanaungua haraka.

Makaratasi yaweke faili moja. Ukisafiri nao bila baba beba nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua yake ya ruhusa yenye muhuri wa wakili, hasa kama majina kwenye pasi hayafanani na lako. Uraia nao uangalie mapema: Kenya katiba ya 2010 iliruhusu uraia pacha, ila Tanzania kwa sheria ya 1995 mtoto wa pande mbili akifika 18 inabidi achague. Hapo ndo pagumu, maana kaka yao mkubwa hana cha kuchagua na wadogo zake wanacho, kwahiyo waite wote mezani mliongee mapema, msisubiri barua ya uhamiaji.