SOMO: Kufufua boti la alumini nyumbani (soma lote kwanza, ndipo uulize)

Tangu lile boti bapa la rangi ya machungwa nililolifufua lianze kuonekana Sahare, hapa Tanga, simu yangu haipumui. "Fundi, ulipaka nini? Fundi, ulizibaje?" Basi jibu ni hili hapa, na atakayenipigia tena nitamtumia huku.

Kwanza ujue ulichonunua. Maboti haya ya mitumba, tumbo bapa na rangi ya tope, Marekani huyatumia wawindaji wa bata kwenye vinamasi. Yanaelea kwenye maji ya magotini. Kwa mikoko yetu na mdomo wa mto Sigi ni mazuri sana. Kutoka nalo nje ya kisiwa cha Jambe wakati upepo wa kusi umekaza, hapana. Tumbo bapa halikati wimbi, na kwenye hilo sibishani na mtu.

1. Lipandishe nchi kavu, lioshe kwa sabuni na maji ya bomba. Chumvi yote itoke.

2. Fungua kila kinachofunguka: mashine, viti, nyaya. Lile povu gumu chini ya viti, ukilibonyeza likatoa maji, tupa. Ila weka jingine, maana ndilo linalolibakiza boti juu likijaa maji.

3. Tafuta panapovuja. Liweke juu ya magogo, ulimwagie maji ndani, kisha uingie chini na chaki. Kila riveti (ile misumari inayobana bati) inayotoa jasho, izungushie duara. Usitumie penseli, ile grafiti yake nyeusi inachochea kutu ya alumini. Na usilijaze pomoni: lita 200 ni kilo 200 zimekalia bati jembamba. Magogo yakae chini ya mataruma, zile mbavu za boti, yasikae katikati ya bati tupu.

4. Riveti. Iliyolegea hugongwa na watu wawili, mmoja kashikiza nyundo nzito kwenye kichwa, mwingine anapiga mkia taratibu. Iliyokwisha, itoboe, weka mpya ya alumini, ya msumari mzima. Zile za fundi madirisha zina tundu katikati na mara nyingi kijiti cha chuma ndani: maji yatapita na chuma kitaoza. Ukikosa msumari mzima, tafuta zilizozibwa mwisho, uzipake gundi ya baharini kabla ya kuzibana.

5. Bao la tezi, yaani la nyuma ya boti, linaposhikia mashine. Mara nyingi limeoza kwa ndani huku nje linang'aa. Ligonge kwa mpini wa bisibisi. Likilia bubu, toa. Mtiki wa shamba la miti la Longuza ni mzuri, mvule pia, au plaiwudi ya gundi isiyoogopa maji. Paka epoksi pande zote, na ndani ya matundu ya bolti vilevile. Usiweke mbao ya dawa, ile ya kijani. Ile dawa ina shaba, na sababu ya kuikataa iko hatua inayofuata.

6. Kusafisha na kupaka. Hapa ndipo maboti yanapofia, kwa hiyo soma polepole.

Alumini na shaba hazikai nyumba moja kwenye maji ya chumvi. Zikigusana, alumini ndiyo inayoliwa. Rangi nyingi za kuzuia uoto wanazopaka wenye mashua za mbao zina shaba. Niliwahi kuletewa boti lililopakwa rangi hiyo moja kwa moja juu ya bati: kwa mbali limependeza, ukikwangua unakuta unga mweupe, na chini yake vishimo vya kuingia ncha ya msumari. Lile halikuwa la kutengenezwa, lilikuwa la kuuza kwa kilo. Kama lazima upake chini, uliza rangi ya alumini isiyo na shaba. Boti linalopandishwa ufukweni kila jioni halihitaji hata hiyo.

Kusugua: msasa, au brashi ya stenlesi MPYA. Brashi iliyokwisha sugua geti inaacha chembe za chuma kwenye bati. Kostiki ya kutengenezea sabuni usiisogeze kabisa. Inaondoa rangi, kweli, halafu inaendelea na boti lenyewe, na inatoa gesi inayowaka.

Ukimaliza, futa kwa tina, osha, kisha mwagia maji safi. Yakijikusanya vitone, mafuta bado yapo, rudia. Yakitanda sawasawa bila kuachana, bati ni safi. Likauke, upake praima ya alumini siku hiyohiyo, kwa sababu alumini ikikwanguliwa inaota ngozi yake ya oksidi palepale, na hewa yetu ya chumvi haisubiri kesho. Praima nyekundu ya mageti iache kwenye mageti.

7. Rangi ya juu. Kule Marekani wanapaka rangi ya matete ili bata wasiwaone. Wewe unajificha nani? Mashua inayokuja na tanga limejaa inapaswa ikuone mapema. Machungwa, njano, nyeupe, chagua.

8. Bolti za stenlesi zivalishe washa za plastiki na gundi. Funga kipande cha zinki chini ya tezi, kiliwe badala ya boti, iguse bati tupu, na USIIPAKE RANGI. Ikiliwa nusu, badilisha.

MASWALI

Dagaa Mchele: Mkuu nina kopo la rangi nyekundu ya mashua limebaki, naweza kulitumia?

Mwenye somo: Hatua ya 6.

Dagaa Mchele: Nimeuliza tu, si ugomvi.

Mwenye somo: Nami nimejibu tu. Soma kopo. Ukiona shaba imetajwa, mpe mwenye mashua ya mbao.

Mama Nyavu: Shikamoo fundi. Shemeji yangu alikuwa na boti kama hili Mwanza, hakuwahi kufunga zinki na halikuoza. Kwa nini huku lioze?

Mwenye somo: Marahaba dada, swali zuri. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji yanayopitisha umeme, umepata betri. Metali dhaifu ndiyo inayolipa. Maji ya ziwa yana chumvi kidogo mno, umeme unapita kwa shida, kwa hiyo kazi inakwenda polepole. Bahari inaupitisha vizuri. Zinki ni dhaifu kuliko alumini, basi inaliwa yenyewe badala ya boti. Ndiyo maana ukiipaka rangi umeizuia kazi. Kwenye maji baridi, yasiyo na chumvi, zinki haifanyi kazi vizuri, huko hutumia metali ya magnesi.

Mgosi wa Duga: Fundi wangu wa mageti anasema atachomea ufa kwa mashine yake, bei poa.

Mwenye somo: Mgosi, mwulize kama ana gesi ya argoni ya kuchomea alumini. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini ile ngozi ya oksidi juu yake inataka zaidi ya 2000. Tena haiwi nyekundu kukuonya. Unaiona imetulia, mara imedondoka chini. Fundi wa mageti ni fundi, ila hii si kazi yake.

Kijana wa Sahare: Sasa na mimi nikawinde bata nalo Pangani?

Mwenye somo: Bila kibali ni kosa, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Vua kaa.

Mzee Ngalawa: Sisi tulikuwa tunakalafati kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, mambo yamekwisha. Haya makopo yenu yanapiga kelele, samaki wote wanahama.

Mwenye somo: Kelele ni kweli mzee wangu. Tandika mpira wenye matundu, unaotoka na kuoshwa. Zulia usigundishe, linashika chumvi na kuoza bati kwa chini.

Mama Nyavu: Na nyaya za taa?

Mwenye somo: Hasi ya betri isifungwe kwenye bati, irudi kwa waya wake hadi kwenye betri. Na ukimaliza, okota kila kipande cha waya kilichoangukia ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Ni shaba ile, ikilowa na chumvi itatoboa hapohapo ilipolala.