Mabaki si mbegu: kwa wakulima wa mwani kabla ya kaskazi

Kaskazi iliyopita nilishuka pwani ya mashariki ya Unguja siku ya bamvua, pale bahari inapojaa na kutoka kupita siku nyingine, saa nne asubuhi, maji yameshatoka. Nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye kidimbwi, beseni liko ubavuni, anafunga mbegu, yaani vikonyo vya mwani vya kupanda. Nikatia mkono majini, yana moto kama ya kumkoshea mtoto. Nikaokota kikonyo kimoja kutoka kwenye beseni lake. Shina nene, gumu, ncha changa hakuna hata moja, na katikati pamepauka, peupe kama chumvi. Nilipokipinda kidogo tu kilikatika palepale penye weupe, laini kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Nikamuuliza mbegu ile kaitoa wapi. Akanijibu bila wasiwasi: "Hizi ndizo zilizobaki baada ya kuvuna, mwanangu. Nzuri nishazianika."

Baada ya wiki tatu kamba zake zilikuwa tupu, zimebaki taitai, zile nyuzi za kufungia mbegu, zinapepea.

Mama zangu na dada zangu, kosa hili nimeliona katika mashamba mengi mno, na ndilo linaloniandikisha leo. Sitakufundisheni kupigilia vigingi wala kufunga kamba. Kazi hiyo imekuwa mikononi mwenu tangu kilimo hiki kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989. Nazungumzia mbegu tu. Mwani mzuri unauzwa, mabaki yaliyozeeka na kupauka yanarudishwa baharini, kisha tunasema bahari imeharibika.

Ni kweli bahari imebadilika. Upande wetu huu wa magharibi ya Bahari ya Hindi umekuwa ukipata joto haraka kuliko sehemu nyingi za bahari za tropiki, na joto hilo ndilo lililopausha matumbawe mwaka 1998 na tena 2016. Mwani hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakizidi hapo kwa siku nyingi, mmea unachoka, na bakteria ambao siku zote wamo majini wanapata pa kuingilia. Katika aina mbili tunazolima, mwani mnene ndio unaoumia zaidi, nao ndio wenye bei. Mwembamba unavumilia. Ndiyo maana mashamba mengi ya Unguja yamebaki na mwembamba peke yake.

Lakini joto hilohilo likikuta mmea mchanga wenye nguvu, mara nyingi unapita. Likikuta kikonyo ambacho tayari kina ugonjwa ndani, kinaanguka. Maji ya bahari hatuwezi kuyapoza. Kinachofungwa kwenye taitai tunakichagua wenyewe.

Sasa sikilizeni vipimo, na tafadhali msivikisie.

Mbegu ikatwe kwenye mwani wenye umri wa siku 25 hadi 30. Wa siku 45 ni wa kuvuna na kuanika, si wa kupanda. Kata zile ncha changa zenye matawi mengi, rangi iliyokoza, zinateleza mkononi, na ukizivunja zinalia "ta!". Ukiona weupe popote kwenye mmea, au nywele nyembamba za mwani mwingine zimeota juu yake, mmea huo wote hautoi mbegu. Usikate sehemu mbovu ukapanda iliyobaki ukidhani umeusafisha. Ugonjwa unaouona kwa jicho ni sehemu tu ya ulioko ndani.

Tumia kisu kikali kisichoshika kutu. Kuvunja kwa mkono kunaacha kidonda kilichopondeka. Kila kikonyo kiwe na gramu 100. Najua wengi wenu mnapima kwa kiganja, na viganja havilingani. Nendeni dukani mara moja mkapimiwe vikonyo kumi vitimie kilo moja, mkivishika mtajua uzito wenu ni upi. Nafasi kati ya kikonyo na kikonyo iwe sentimita 20, kwa hiyo kamba ya mita 10 inabeba vikonyo 50, yaani kilo 5 za mbegu. Mkulima anayebana vikonyo 80 kwenye kamba hiyo hazidishi mavuno. Anazuia maji yasipite, na maji yasiyopita ndiyo yanayochemka.

Mbegu iliyokatwa isikae kwenye beseni la maji juani. Maji kidogo hupata moto upesi kuliko bahari, na mbegu inaiva kabla haijafungwa. Ilaze kivulini, ifunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, na ifungwe siku hiyohiyo kabla maji hayajajaa. Kama huwezi kumaliza, kata kidogo.

Kina nacho kipimwe. Chukua fimbo, itie alama kwenye sentimita 60, uende nayo shambani siku ya bamvua kubwa la mwezi wa tatu, maji yakiwa yametoka kabisa. Msipime siku ya maji mafu, bahari inapotoka kidogo tu, mtajidanganya. Pale ambapo maji hayafiki alama, usipande mwani mnene kuanzia Disemba hadi Machi. Panda mwembamba, au pumzisha. Bamvua zetu hutoa maji karibu na saa nne asubuhi, na jua linaanza kuchoma wakati huohuo, ndiyo maana kidimbwi cha kina kifupi kinageuka sufuria.

Weupe ukishatokea shambani, usingoje siku 45 zitimie. Kamba ambayo nusu ya vikonyo vyake vimepauka ivunwe bamvua hilohilo. Kaanike chanjani, uzito kidogo ni bora kuliko mwani uliokwenda na mkondo. Vipande vibovu msivitupe baharini, maana vinaelea hadi shamba la jirani. Vitoeni nchi kavu. Kamba na taitai zisuguliwe zitoke utelezi wote, zikauke juani kabisa ndipo zirudi majini. Kamba iliyotoka kwenye mwani mgonjwa ikafungwa mbegu mpya saa ileile ni kazi bure.

Mtaniuliza: mbegu changa tutaipata wapi kama shamba zima tunalivuna? Tengeni kamba za mbegu, kamba ambazo hazivunwi wala haziuzwi. Kilo 5 zikikua vizuri kwa wiki 4 zinafika kama kilo 15. Hizo zinatosha kamba tatu: moja irudi kuwa ya mbegu, mbili ziende shambani. Anayepanda kamba 10 kila mwezi anahitaji kamba 5 za mbegu. Najua mnaona ni nyingi. Nimeshaambiwa kwenye mkutano wa shehia kwamba nawataka watu waache pesa majini. Hesabuni basi kamba zilizobaki tupu kaskazi iliyopita, kisha tuzungumze.

Kamba hizo za mbegu zianze wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, maji yakiwa ya baridi na mwani una afya. Kufikia Novemba zihamie maji makubwa, kwenye kamba inayoelea kwa maboya, penye kina cha zaidi ya mita 2 maji yakitoka. Huko maji yanatembea na hayapati moto kama ya kidimbwi. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari, amefanya kazi kwa miaka mingi na wakulima wa Zanzibar juu ya kilimo hiki cha maji makubwa, wakitumia pia nyavu za mrija, mwani ukiwa ndani yake, ili usikatike kwa mawimbi.

Hapa nisisitize jambo. Wengi wenu hamjui kuogelea, na mmezoea shamba la kufika kwa miguu. Asiende mtu maji makubwa peke yake, wala bila jaketi la kujiokolea, hata kama dau ni la mume wake na bahari imetulia. Undeni kikundi cha watu watano au sita, mchangie chombo kimoja na kamba za mbegu ziwe za pamoja, mkague kila bamvua, yaani mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu.

Mbegu ikishika utaona ncha mpya ndani ya wiki ya kwanza.

Kwa wale ambao mmeshavuna wiki hii na mabaki yako kwenye beseni: anikeni yote. Kamba zikae bure hadi bamvua lijalo, na mbegu nendeni mkaombe kwa jirani mwenye mwani wa siku 25.