Stresi za kila siku, anzia kwa foleni ya feri

Nyie mnaovuka Likoni hapo Mombasa kila siku, wacheni kungoja ati mpate nafasi ndio muanze kutuliza akili, hiyo nafasi haiji. Chukua kitu ambacho lazima ukifanye, kama kungoja feri, ubandike hapo kazoezi kadogo: simu mfukoni, vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe polepole mpaka 6, rudia dakika 2 hivi. Ile kutoa ndio yenyewe, moyo hupunguza mbio. Na ufanye hata siku huna stresi, mwili uzoee, ukiruka siku moja si neno. Wa Bamburi fanyeni kwa matatu, ila kama wewe ndio dereva usifumbe macho tafadhali.