Sue, charge au accuse? "Kushtaki" inapoandikwa kwa Kiingereza

Barua yangu ya kwanza ya kumdai mteja aliyechukua mzigo asilipe niliiandika kwa hasira: "We will sue you for theft and you will be jailed." Wakili aliyeipitia kabla haijatumwa alipiga mstari chini ya "sue", akaniuliza pembeni ya karatasi: "Huyu unamdai au unamfunga?"

Swali hilo ndilo ninaloanzia mpaka leo. Kiswahili kinatubeba, maana "kushtaki" inatosha kila mahali. Kiingereza kinataka kwanza kujua nani anamkabili nani, na anataka nini.

Ukitaka fidia, au ukitaka mtu alazimishwe kutimiza mkataba, hiyo ni kesi ya madai na kitenzi chake ni "sue". Mtu anayeshtakiwa humfuata "sue" moja kwa moja: "She sued the landlord." Wengi huchomeka "against" hapo, nalo ni kosa. "Against" inaenda na nomino: "She filed a lawsuit against the landlord." Sababu ya kesi, au unachodai, hutanguliwa na "for": "sued him for breach of contract", "sued him for damages". Hiyo "damages" usiikate herufi ya mwisho. "Damage" ni uharibifu wenyewe, "damages" ni fedha za fidia.

Kwenye jinai, polisi au mwendesha mashtaka humfungulia mtu mashtaka: "He was charged with theft." Na kama ni tuhuma tu, hata ya jirani kwa jirani, tumia "accuse": "He was accused of theft."

Kinachotuponza zaidi ni "kwa". Tunasema mtu ametuhumiwa kwa wizi, ameshtakiwa kwa wizi, ametiwa hatiani kwa wizi, neno lilelile moja. Kwa Kiingereza ni "accused of theft", "charged with theft", "convicted of theft", kisha "sentenced to two years in prison". Usitafute mantiki, utachoka bure. Kariri kitenzi pamoja na kihusishi chake, kama mtoto anavyoikamata ngeli pamoja na nomino.

"Legal action", kwa maana ya kwenda mahakamani, haihesabiki. Andika "take legal action against the company", bila "a" na bila "s" mwishoni. Mawakili husema "bring an action", na hapo "action" inahesabika. Ndiyo maana watu huchanganya. Kwa vitisho, chagua kati ya "threatened to sue" na "threatened legal action".

Kuhusu "the": "take him to court", "appear in court" na "settle out of court" hazina. Mahakama ikiwa ndiyo inayotenda, "the" inarudi: "The court dismissed the claim."

Angalia pia msomaji wako yuko wapi. Uingereza na Wales ziliacha "plaintiff" mwaka 1999, sasa mdai ni "claimant". Marekani bado ni "plaintiff". Mwingereza huandika "appeal against the decision", Mmarekani "appeal the decision". Hukumu ya mahakama ni "judgment", bila "e" katikati, kote kuwili.

Na aliyeshindwa kesi ya madai usimwite "guilty". Huyo ni "liable": "The company was found liable." Nimewahi kuona "guilty" ikipenya hadi kwenye kichwa cha habari kuhusu deni la kodi ya pango, kana kwamba mpangaji kaua mtu.

Barua yangu ile hatimaye ilitoka hivi: "If we do not receive payment within 14 days, we will take legal action against you to recover the debt." Jela haimo.