Kabla Hujaifungua Faili ya Kipima: Mambo ya Kuzingatia ili Sehemu za Sekunde Zisipotee

Ikiwa kipima chako husoma mara nyingi ndani ya sekunde moja, kiwe cha mawimbi, cha mtetemo wa daraja au cha mapigo ya moyo, basi tarakimu zinazofuata nukta baada ya sekunde ni sehemu ya data yenyewe, wala si pambo. Zikipotea, utabaki na rundo la vipimo usivyoweza kujua kipi kilitangulia kipi. Nayaandika haya kwa wanafunzi na watafiti wenzangu wa hapa Mombasa wanaotoa data kwenye vipima, wakaipitisha katika lahajedwali, kisha wakaiingiza katika programu za uchanganuzi kama R, Stata au Python, kwa sababu nimeshuhudia kazi ya siku nzima ya baharini ikiharibika mezani kwa dakika chache, tena mikononi mwa kijana makini asiyejulikana kwa uzembe.

Anza na nakala. Faili iliyotoka kwenye kipima inakiliwe mahali pawili, nakala moja ifungwe isiweze kubadilishwa, na kumbukumbu ya kipima isifutwe mpaka data iwe imeingia katika programu ya uchanganuzi na kukaguliwa.

Pili, andika daftarini saa ya kipima inafuata majira gani. Vipima vingi huwekwa UTC, yaani majira ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa 3, na kwetu hakuna kusogeza saa mbele au nyuma katikati ya mwaka. Hapa pwani kuna tahadhari moja zaidi: aliyeshika daftari akiandika "saa 4" bila kufafanua, mwingine ataisoma kuwa 04:00, ilhali mwandishi alikusudia saa nne ya asubuhi, yaani 10:00. Kosa la saa sita halijifichi ukiwa unatazama maji kupwa na kujaa, lakini katika data nyingine laweza kupita bila kuonekana. Kwa hiyo daftarini tumieni saa za tarakimu 24, nyote, bila kubagua.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika: usiifungue faili ya CSV, yaani faili ya maandishi matupu ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato, kwa kuibofya mara mbili.

Tulikuwa watu watatu. Tulitega kipima cha shinikizo la maji kwenye mwamba wa Nyali siku ya bamvua, kwenye saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa kabisa na mwamba umetoka nje, ili turekodi mawimbi kwa saa sita hadi maji yajae. Kipima kilisoma mara 16 kwa sekunde, kwa hiyo tulitarajia mistari 345,600 hivi. Tulikitoa siku ya pili maji yalipokupwa tena, tukanakili faili kwenye kompyuta moja tu, na kwa kuwa kundi jingine lilikuwa likikingojea kipima, tukaifuta kumbukumbu yake siku hiyo hiyo. Kijana aliyekuwa na kompyuta aliifungua faili katika Excel kwa nia njema kabisa, apate kuona kama kipima kilifanya kazi. Akaipanga mistari kuanzia shinikizo kubwa hadi dogo ili aone wimbi lililokuwa kubwa kupita yote, akafurahi, akahifadhi kwa jina lile lile, akafunga. Jioni alipojaribu kuiingiza katika R alinijia na kompyuta mkononi akaniuliza, "Mwalimu, mbona hii faili haina saa?"

Nilitazama. Mstari uliotoka kwenye kipima ukiwa "2023-03-21 10:15:23.438" sasa ulisomeka "15:23.4". Tarehe imeondoka, saa imeondoka, na katika tarakimu tatu za sehemu ya sekunde imebaki moja. Mistari yote ilikuwa vivyo hivyo.

Yafaa ueleweke vyema utaratibu wake, maana ukiuelewa hutanaswa. Excel haihifadhi tarehe kama maandishi. Huigeuza kuwa nambari ya siku zinazohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900, na saa huwa sehemu ya siku baada ya nukta. Nambari hiyo ina nafasi ya kutosha kubeba milisekunde bila taabu, na kama kijana angefunga bila kuhifadhi, hakuna kitu ambacho kingepotea. Tatizo liko katika mwonekano. Ikikutana na wakati wenye sehemu za sekunde, Excel huupa yenyewe mtindo wa kuonyesha dakika, sekunde na tarakimu moja tu ya sehemu, na unapohifadhi kama CSV, huandika kile kinachoonekana kwenye kisanduku, si kile kilichohifadhiwa nyuma yake.

Mtu ataniambia kwamba tungeweza kuujenga wakati upya, kwa kuwa tulijua muda wa kuanza na kasi ya usomaji. Kama mistari ingebaki katika mpangilio wake, na kama kipima hakikuruka usomaji hata mmoja, ningekubali. Lakini mistari ilikuwa imepangwa upya kwa ukubwa wa shinikizo. Ukihesabu dakika 60, sekunde 60 na sehemu 10 za sekunde, utapata alama 36,000 tu za wakati kwa mistari 345,600, yaani kwa wastani mistari tisa au kumi inayogombea alama moja, mingine ya saa nne asubuhi, mingine ya saa tisa alasiri. Hapakuwa na njia ya kuirejesha. Tulingoja bamvua nyingine, tukaingia majini upya.

Basi fanya hivi. Tumia menyu ya kuingiza data badala ya kubofya faili, na safu ya wakati uiagize iingie kama maandishi. Ikiwa tayari umeifungua, ichague safu nzima uipe mtindo yyyy-mm-dd hh:mm:ss.000 kabla ya kuhifadhi, kisha uhifadhi kwa jina jipya. Excel haionyeshi zaidi ya tarakimu tatu baada ya sekunde, kwa hiyo data yenye mikrosekunde ibaki maandishi mwanzo hadi mwisho. Wala usikiguse kisanduku cha wakati kwa kukihariri: mstari wa juu unaoonyesha yaliyomo huishia kwenye sekunde kamili, na ukibonyeza Enter baada ya kuhariri, sehemu ya sekunde hukatika bila onyo.

Hesabu mistari pia. Lahajedwali la Excel huishia mstari wa 1,048,576, na kipima kinachosoma mara 16 kwa sekunde hujaza mistari 1,382,400 kwa siku moja, maana yake kitajaza karatasi kabla ya saa 19 kutimia. Na kama wakati wako umeandikwa kwa nanosekunde tangu 1970, hiyo ni nambari ya tarakimu 19. Excel hushika 15 na kuzigeuza nne za mwisho kuwa sufuri.

Ukifika kwenye programu ya uchanganuzi, usidhani umevuka. Katika R, tumia alama %OS (sekunde pamoja na sehemu zake) badala ya %S (sekunde kamili) unaposoma wakati, na uweke options(digits.secs = 3), la sivyo utaona sekunde kamili na kudhani sehemu zimepotea ilhali zipo. Usishtuke pia .438 ikionekana kama .437, kwa kuwa R hukata tarakimu za mwisho inapoonyesha, haikadirii. Stata ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Huhesabu milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1960, na nambari hiyo kwa miaka yetu hii ina tarakimu 13. Ukiunda safu ya wakati bila kutamka double, aina ya nambari inayobeba tarakimu nyingi, Stata itaiweka katika float, aina yenye usahihi mdogo, ambayo kwa nambari kubwa kiasi hicho huruka kwa hatua ya milisekunde 131,072, yaani zaidi ya dakika mbili. Utaona tarehe sahihi na saa inayokaribiana na ya kweli, na mawimbi yako yote ya dakika mbili yatakuwa yamelundikana kwenye nukta moja. Andika gen double kila mara. Katika Python, maktaba ya data iitwayo pandas hubeba hadi nanosekunde, lakini %f, alama ya sehemu ya sekunde ya Python yenyewe, husoma tarakimu sita tu.

Ukaguzi wenyewe ni mwepesi, na sikubali kazi ya mwanafunzi ambaye hakuufanya: toa wakati wa kila mstari kwenye wakati wa mstari unaoufuata, kisha utazame tofauti. Kwa kipima chetu zilipaswa kuwa 0.062 au 0.063. Ukiona sufuri zikifuatana na moja baada yake, sehemu za sekunde zimekatwa, na usiendelee hata hatua moja mpaka ujue zimekatiwa wapi.

Yapo na mengine madogo. Mwenzako akikutumia faili, muulize kama aliifungua mahali popote kabla ya kuituma. Angalia kama kompyuta iliyoitengeneza hutumia mkato badala ya nukta kwenye desimali. Kitabu cha Excel kilichotengenezwa kwenye Mac ya zamani huenda kinahesabu siku tangu 1904, na tarehe zako zikatofautiana kwa siku 1,462. Saa ya kipima ilinganishwe na saa ya kompyuta kabla ya kukitega na baada ya kukitoa, kwa sababu saa za vipima husogea, na betri inayokaribia kwisha huweza kukifanya kiruke usomaji. Na kabla ya kukirudisha kipima kwa wanaokingojea, mwombe mtu wa pili aifungue nakala yako kwenye kompyuta yake mwenyewe, asome mstari wa kwanza na wa mwisho kwa sauti, nawe ulinganishe na daftari.