Pavlov na Samaki wa Dunga
Mnaosoma saikolojia ya A-Level hapa Kisumu, msikariri tu fasili za Pavlov na Skinner, watafiti wa jinsi tunavyojifunza tabia. Mimi nilikariri, nikazichanganya mara mbili. Kilichoniokoa ni Dunga, ufuo wa samaki hapa Kisumu: ukisikia mafuta yakilia kwenye karai, mate yanakujaa kabla hata hujaona ngege (tilapia). Hukuamua, mwili umeshazoea kwamba mlio huo huja na samaki, umejibu wenyewe. Hapo ni Pavlov. Lakini mama wa kibanda akikuongezea kachumbari kwa sababu ulimsalimu vizuri, na kesho ukamsalimu kwa bidii zaidi (tunajuana!), hapo ni Skinner: tendo lako kwanza, tuzo baadaye. Sasa funika daftari, tunga mfano wa mtaani kwenu, kisha ujaribu tena baada ya siku tatu bila kuchungulia.