Somo: Kuwafundisha wanafunzi kubuni roboti ya kubeba kemikali hatari

Wape wanafunzi kazi ya kubuni roboti, na mara moja watafungua kompyuta waanze kuandika programu. Wazuie kwanza. Kwa roboti ya kubeba kemikali, swali linalotangulia ni hili: umeme ukikatika chupa ikiwa hewani, itakuwaje? Somo zima nimelipanga kulizunguka swali hilo.

Hatua ya 1: Waijue kemikali. Kila kikundi kichague kemikali moja, kwenye karatasi tu, kisha kisome alama za hatari zilizo kwenye lebo yake. Inaunguza? Inawaka? Inakula nini? Usiiharakishe hatua hii, maana majibu yake ndiyo yanayochagua vifaa. Sodiamu haidroksaidi hula alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Asetoni huyeyusha ABS, aina ya plastiki ngumu ambayo wengi hutengenezea vipuri kwa printa ya 3D. Mvuke wa ethanoli hushika moto, na mota za brashi, zenye vipande vinavyosugua ndani kupitisha umeme, hutoa cheche. Kikundi kilichochagua ethanoli kieleze mota yake itakaa wapi.

Hatua ya 2: Wapige hesabu ya uzito. Sevo ni mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru. Sevo ndogo ya aina ya SG90 hunyanyua takriban kilo 1.8 zikiwa sentimita 1 kutoka kwenye mhimili wake. Mkono wa roboti ukiwa na urefu wa sentimita 20, gawanya kwa 20: inabaki gramu 90, na hapo uzito wa mkono wenyewe bado. Mililita 100 za maji zina gramu 100. Tindikali kali ya salfa ya ujazo huohuo ina gramu 184 hivi. Waache wagundue wenyewe kwamba sevo haitoshi.

Hatua ya 3: Koleo la kushikia. Springi ndiyo ifunge koleo, mota kazi yake iwe kulifungua. Umeme ukikatika, koleo linabaki limeshika. Begani wafunge uzito upande wa nyuma ili mkono usiporomoke.

Hatua ya 4: Swichi ya dharura. Ikate umeme wa mota moja kwa moja. Swichi inayotuma tu ujumbe kwa programu haifai, kwa sababu huenda programu yenyewe ndiyo iliyokwama.

Hatua ya 5: Programu. Sasa waandike. Mkono uanze taratibu na usimame taratibu, la sivyo maji yatayumba na kumwagika hata koleo likishika vizuri.

Hatua ya 6: Jaribio. Tandika karatasi nyeupe, jaza kikombe maji ya buluu, mkono ukibebe. Ukifika katikati, chomoa waya wa betri bila kuwaambia. Kikundi kimoja nilichokifundisha kilikuwa na mkono mwepesi, wa kupendeza kuutazama. Nilipochomoa waya, koleo lilifunguka na buluu ikatapakaa hadi ukingoni mwa meza. Msichana aliyeliunda alichukua kalamu, akazungushia kila tone duara, akahesabu, kisha akaenda kutafuta springi. Sikumwambia neno.

MASWALI

Mwalimu, wangu wamemaliza na wanaomba tindikali halisi, hata iliyozimuliwa. Niwape?
Hapana. Tone la maji ya rangi linaonyesha kosa lilelile bila kumuunguza mtu. Wakitaka kuona kemia ikifanya kazi, tumia siki, na utandike vipande vya litmasi ya buluu. Tone likianguka, litmasi inageuka nyekundu.

Hatuna sevo wala bodi ya kuziendesha (kompyuta ndogo inayobeba programu). Tunaweza kutumia bomba za sindano na mipira ya maji?
Mnaweza, na msione kwamba mmepungukiwa. Mikono ya mwanzo ya kushikia vitu vyenye mionzi, aliyoibuni Raymond Goertz katika maabara ya Argonne, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, iliendeshwa kwa mikono ya mtu aliyesimama nyuma ya ukuta wa kinga. Ila mjaribu hivi: mpira mmoja ukichomoka, koleo linabaki limefunga?

Bodi yetu ya Arduino inajizima na kuwaka upya kila mkono ukinyanyuka. Programu ina kosa?
Inaelekea ni umeme. Sevo zikivuta nguvu kutoka kwenye bodi, volti hushuka na bodi huanza upya. Zipe sevo betri yake, kisha uunganishe waya hasi wa betri hiyo na ule wa bodi. Ukisahau waya huo, sevo zitatetemeka ovyo.